North ya nani? Niliyojifunza kwa kutafsiri pande za dunia za Kiingereza

Kazi yangu ni kutafsiri, Kiingereza kuja Kiswahili, na vinavyotua mezani ni vya kila aina, ripoti za hali ya hewa, habari, mikataba ya usafirishaji, video za safari zinazotaka maandishi chini ya picha, mara moja moja kitabu kizima. Watu wakiniuliza Kiingereza kinanisumbua wapi hasa wanategemea nitaje lugha ya mahakamani au ya hospitali, au zile nahau za Wamarekani ambazo hata wao wenyewe wanabishana. Nawajibu ni north, south, east na west. Wanacheka wakidhani natania. Sitanii, hayo maneno manne kila mtu aliyapata shule ya msingi kwa mshale mmoja uliochorwa ubaoni, na ndiyo yanayonifanya nifungue ramani usiku wa manane natafuta mto fulani uko upande gani wa mpaka kabla sijaandika sentensi fupi tu.

Tatizo ni kwamba yanajifanya hayana ubishi. Kaskazini ni kaskazini bwana, kuna nini cha kujadili? Kwenye dira ni kweli hakuna. Lakini kwenye mdomo wa Mwingereza au Mmarekani kila moja la maneno haya lina mtu amesimama mahali fulani, na usipojua kasimama wapi na anaangalia wapi, unaweza kuandika kinyume kabisa cha alichosema, na sentensi ikabaki nzuri tu, sarufi safi, hamna mhariri atakayeshtuka.

Upepo ndio ulionifungua macho. Nilikuwa na ripoti ya dhoruba, ukurasa mmoja tu, mstari wa juu unasema kuna "southwesterly winds" na mistari miwili chini yake unasema dhoruba yenyewe inasogea "in a northeasterly direction". Ukisoma haraka unaona mambo mawili yanagombana, upepo wa kusini-magharibi na dhoruba inayoenda kaskazini-mashariki. Kumbe vinaenda njia moja. "Southwesterly" ya upepo maana yake upepo UNATOKA kusini-magharibi, kwa hiyo unasukuma kuelekea kaskazini-mashariki, na "northeasterly direction" ni KUELEKEA kaskazini-mashariki. Mkia ni ule ule -erly, ukikaa na upepo unasema unakotoka, ukikaa na safari au mwelekeo unasema unakokwenda. Hakuna alama yoyote kwenye neno lenyewe ya kukuonya, inabidi uangalie kilicho jirani yake.

Na usifikiri imeisha hapo, maana baharini kuna mkondo wa maji, na mkondo huitwa kwa kule unakokwenda. Kwa hiyo kwenye taarifa moja ya mabaharia "easterly wind" na "easterly current" ni vitu viwili vinavyopishana uso kwa uso, upepo unatoka mashariki na maji yanakwenda mashariki. Ukiwaza kama mtu aliye kwenye chombo inaingia akilini, upepo unataka kujua unatokea wapi ili utege tanga, maji unataka kujua yatakufikisha wapi ukilala. Ila kwa mtafsiri aliyekaa kwenye kiti na chai pembeni, hapo ni shimo.

Bahati yetu ni kwamba nusu ya jambo hili tunayo tayari. Kaskazi na kusi ni pepo zinazoitwa kwa kule zinakotoka, mtu aliyezoea hizo hashangai kuambiwa "northerly wind" inatoka kaskazini. Kinachotuteleza ni ile ya mwelekeo. Siku hizi kwenye tafsiri zangu siandiki kamwe "upepo wa magharibi" peke yake, naandika "upepo unaovuma kutoka magharibi", ni mrefu zaidi, wateja wanaolipa kwa neno hawaupendi, lakini msomaji haulizi swali. Hata zile pepo kubwa wanazoziita "westerlies", zinazozunguka dunia kati ya latitudo 30 na 60 kaskazini na kusini ya ikweta, zinatoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana ndege kutoka New York kwenda London huwa inawahi kuliko ikirudi. Mfano huo nautumia sana nikimwelekeza mtu mpya, ukishaukumbuka huwezi tena kugeuza westerlies.

Maneno yenye -ward na -bound ni ya kupumzikia. "Northward", "northbound", hayo yanaelekea tu, hayana habari ya kutoka. Tofauti yake ni kwamba -bound ni ya chombo na njia, treni, basi, meli, upande mmoja wa barabara kuu, wakati -ward inakaa popote, ndege wanaohama, jeshi linalosonga, macho ya mtu yakigeuka. Waingereza wanapenda kuongeza s mwishoni, "northwards", Wamarekani wengi wanaikata. Kwisha habari yake.

Lakini hata northbound ina ujanja wake, na huu niliukuta kwenye kazi ya kampuni moja ya malori, maelekezo ya madereva wa Marekani. Barabara zao kubwa za kuunganisha majimbo zina utaratibu mzuri, zenye namba shufwa zinaenda mashariki na magharibi, zenye namba witiri zinaenda kaskazini na kusini, namba ndogo za witiri ziko magharibi na kubwa mashariki, ndiyo maana I-5 iko pwani ya Pasifiki na I-95 iko pwani ya Atlantiki. Sasa kibao kinachosema "East" hakisemi pua ya lori lako imeelekea wapi dakika hiyo, kinasema barabara yote kwa ujumla wake inakwenda upande gani. Karibu na Berkeley, California, kuna kipande ambapo barabara mbili zinatumia lami moja, na dereva aliye kwenye upande ule ule mmoja yuko kwenye I-80 East na papo hapo yuko kwenye I-580 West. Anaenda mashariki na magharibi kwa wakati mmoja, na ukiangalia dira yake, kwa kweli anaenda kaskazini, kwa sababu hapo lami inafuata ufukwe wa ghuba. Mwenzangu tuliyegawana naye kazi alikuwa ameshaweka alama nyekundu akisema mteja kakosea chapa, nikamtumia ramani, akakaa kimya muda, halafu akajibu "aisee".

Tukubaliane basi, kwenye vibao East ni jina. Neno likishakuwa jina haliwajibiki tena kwa dira. Na hapa ndipo herufi kubwa inapoingia, kitu ambacho wengi wetu tunakidharau kwa sababu masikio hayasikii herufi kubwa.

"South Africa" ni nchi moja. "Southern Africa" ni eneo zima la kusini mwa bara. Hiyo kila mtu anaijua mpaka siku ana haraka, ndipo unaona habari inasema mkutano wa SADC, jumuiya ya nchi za eneo hilo, ni wa nchi za Afrika Kusini, utadhani Afrika Kusini imegawanyika nchi 16. Mkia -ern kwa kawaida unalegeza neno, unasema "sehemu za upande huo", mipaka haijapigwa mstari, wakati south kavu ikibandikwa kwenye jina mara nyingi ni kitu chenye bendera au ofisi. Nimesema mara nyingi, sio siku zote, kwa sababu "Western Australia" ni jimbo lenye serikali yake na mji mkuu Perth, "Northern Ireland" nayo vivyo hivyo ina mpaka wake rasmi ingawa zote zina -ern. Na hiyo Northern Ireland ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa kikubwa cha Ireland, panaitwa Malin Head, haiko Northern Ireland. Iko Donegal, ndani ya Jamhuri ya Ireland, ambayo Waingereza wengi wanaiita "the South". Yaani unaweza kusimama "the South" na ukawa kaskazini kuliko mtu yeyote aliyeko "the North". Mtafsiri akikutana na sentensi "he drove north into the South" asidhani mwandishi kalewa, kuna mahali inawezekana kabisa.

West Virginia ya Marekani hivyo hivyo. Ilijitenga na Virginia na kuwa jimbo mwaka 1863 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini Virginia iliyobaki ina pembe ndefu inayochomoza kwenda magharibi kupita sehemu yoyote ya West Virginia. Na Chuo Kikuu cha Northwestern kiko pembeni ya Chicago, ukiangalia ramani ya Marekani ya leo hapo hapafanani na kaskazini-magharibi hata kidogo, ila mwaka 1787 walipounda lile eneo wakaliita Northwest Territory, nchi yao ilikuwa inaishia mto Mississippi, kwa hiyo Ohio, Indiana, Illinois, Michigan na Wisconsin ndiyo ilikuwa kona yao ya juu kushoto. Nchi ikatanuka mpaka Pasifiki, majina yakabaki yalipo. Ndiyo sababu hiyo hiyo wanasema Midwest wakimaanisha sehemu ambayo kwa macho ya kawaida iko katikati na imeegemea mashariki, na ile kona halisi ya kaskazini-magharibi ikabidi waiongezee neno, Pacific Northwest.

Kuna moja inahitaji tarehe. "South Sudan" ni nchi iliyopata uhuru Julai 9, 2011. Ukikuta habari ya mwaka 2008 inasema "Southern Sudan", hiyo ni sehemu ya Sudan ya wakati ule yenye utawala wake wa ndani, ndiyo baadaye ikawa nchi. Ukikuta "southern Sudan" kwenye habari ya leo, hiyo ni kusini mwa Sudan ya Khartoum, nchi nyingine kabisa. Herufi moja kubwa, mkia wa herufi tatu, na mwaka ulioandikwa juu ya faili, vyote vitatu inabidi uvisome kabla hujachagua kati ya Sudan Kusini na kusini mwa Sudan. Mimi nikipewa kazi ya kumbukumbu za zamani swali la kwanza kumuuliza mteja ni hili limeandikwa lini, wengine wanaona namchelewesha.

Sasa kale ka-"mwa". Hapa Kiingereza kina vijineno ambavyo mtu akisoma harakaharaka anavimeza. "In the north of Spain" uko ndani ya Hispania, upande wa juu, Bilbao huko. "North of Spain" au "to the north of Spain" umeshatoka nje, hiyo ni Ufaransa au maji ya bahari. Tofauti ni "in the" tu. Sisi tuna njia ya kuitenganisha vizuri sana, kaskazini mwa Hispania kwa ndani na kaskazini ya Hispania kwa nje, maana hiyo mwa ni ile ile ya ndani mwa nyumba. Lakini kwenye magazeti na redio mwa imetapakaa kila mahali, mtu anaandika "meli ilizama kilomita 40 mashariki mwa kisiwa" na ukiisoma kwa makini meli imezama nchi kavu. Najua hii ni vita niliyoshindwa zamani, kila mtu anaelewa kwa muktadha, ila kwenye mikataba na hati za ardhi bado naishikilia kwa sababu hapo muktadha haukusaidii. Hati za Kiingereza zina msemo "bounded on the north by", tena hapo ni "on", maana yake upande wa kaskazini umepakana na kitu hicho, mpaka unagusana nacho. Sio ndani, sio mbali huko kaskazini, ni kugusana. Kiwanja kinachopakana na barabara na kiwanja kilicho kusini ya barabara sio lazima kiwe kimoja, muulize mwanasheria yeyote.

Na kosa jingine dogo linalowaumbua watu wakiandika Kiingereza chenyewe, "I am going to north". Hapana. Ama "I am going north", bila to na bila the, hapo north ni kielezi kinafanya kazi yake peke yake, ama "I am going to the north", hapo the north ni mahali panapoeleweka kati ya wanaoongea. Ya kwanza inasema mwelekeo, unaweza ukaenda north mita mia ukafika dukani. Ya pili inasema kuna sehemu inaitwa hivyo na watu wanajua mambo yake.

Turudi kwa yule mtu aliyesimama. Middle East, mashariki ya wapi? Far East, mbali kutoka wapi? Wote tunajua jibu, waliotoa majina walikuwa wamesimama Ulaya, na dunia nzima ikayachukua hivyo hivyo na sisi tukatafsiri Mashariki ya Kati na Mashariki ya Mbali bila kuuliza. Aliyeuliza ni Robert Menzies, waziri mkuu wa Australia, mwaka 1939 alisema kile ambacho Uingereza inakiita Mashariki ya Mbali, kwao Australia ni kaskazini ya karibu. Ni sentensi ya mtu aliyetazama ramani kwa macho yake mwenyewe, ingawa hata baada ya hapo watu hawakubadilisha jina. Mimi pia sibadilishi, kazi yangu sio kumsahihisha mwandishi, ila kwenye maandishi ya chini ya video mzungumzaji akisema "the East" tu, peke yake, lazima nijue anaongelea nini. Mmarekani wa California akisema "back East" anamaanisha Boston na New York. Mwandishi wa vita baridi akisema "the East" anamaanisha Moscow na wenzake. Mtu wa yoga akisema "the East" anamaanisha India. Mzee wa London anaweza kumaanisha mitaa ya East End.

"The West" ni hivyo hivyo, na "Global South" ndiyo imezidi. India yote iko kaskazini ya ikweta na inahesabiwa South. Australia na New Zealand ziko chini kabisa kwenye ramani na zinahesabiwa North. Ripoti ya tume ya Willy Brandt, kansela wa zamani wa Ujerumani Magharibi, mwaka 1980 ilichora mstari wa kugawa dunia tajiri na maskini, na mstari ule ulipofika mashariki ulijikunja ukazunguka Australia na New Zealand kuzipandisha kwenye kundi la juu. Hapo neno limeshaacha kabisa kuongelea mahali, linaongelea mfuko. Naandika Kusini kwa herufi kubwa na najitahidi sentensi inayofuata itoe mwanga, siwezi kufanya zaidi ya hapo.

Kuna pia hii ya juu na chini. Kwa kuwa ramani zinaning'inizwa kaskazini ikiwa juu, Waingereza na Wamarekani wanasema "up north" na "down south", na "out west" kwa Wamarekani kwa sababu zamani huko ndiko kulikuwa nje, kusikojulikana. Lakini kaskazini kuwa juu ni mazoea tu. Ramani kubwa iliyoko kanisa kuu la Hereford, Uingereza, ya kama mwaka 1300, imeweka mashariki juu, na neno "orient" lenyewe linatokana na Kilatini cha kuchomoza, jua linakochomoza, kwa hiyo "to orient" ilikuwa ni kukigeuza kitu kiangalie mashariki kabla haijawa kujua uko wapi tu. Al-Idrisi, mchora ramani wa Kiarabu, yeye mwaka 1154 huko Sicily aliweka kusini juu. Na ukiwa unasoma habari za Misri, Upper Egypt iko kusini na Lower Egypt iko kaskazini kwa sababu wanafuata mto, Nile inateremka kwenda kaskazini.

Waingereza nao wana yao, mtu anakwenda "up to London" hata kama anatoka kaskazini ya London, na kwenye reli zao njia inayoelekea London ndiyo "up line", inayotoka ni "down line". Nilishaona tafsiri ya hadithi ambapo familia inatoka Yorkshire "up to London" na mtafsiri kaandika wakapanda kaskazini. Yorkshire ndiyo iko kaskazini! Na kule Maine, Marekani, wanasema "Down East", kwa sababu meli za matanga kutoka Boston zilikuwa zinaenda mashariki upepo ukiwa mgongoni, na kwa baharia kwenda na upepo ni kushuka. Ukiangalia ramani Maine iko juu ya Boston. Haina haja ya kubishana nao.

Kwenye kazi za sauti, ambapo mtu anasoma tafsiri au anataja majina ya Kiingereza kwenye kipaza, kuna jambo ambalo masikio ya Mswahili yanalipata haraka kuliko ya watu wengi, tena mimi najivunia hili. Sisi tunazo th na dh kama sauti mbili tofauti. North ina th ya thelathini. Northern ina dh ya dhahabu. South ina th, southern ina dh, na juu ya hapo irabu inabadilika, south inatamkwa sauth lakini southern ni sadhan, sio sauthan. Northerly na southerly zinafuata hiyo hiyo dh. Lakini northward, southward, northbound na southbound zinarudi kwenye th kavu. Yaani mkia ukianza na irabu th inalainika, mkia ukianza na konsonanti inabaki. Mtaa wa Southwark pale London unatamkwa Sadhak, wengi wanaingia mkenge hapo. Na mabaharia wamezila kabisa, nor'easter ni ile dhoruba ya pwani ya mashariki ya Marekani ambayo upepo wake unatoka kaskazini-mashariki, na sou'wester ni upepo na pia ni kofia ya mvua yenye ukingo mrefu nyuma, kwa hiyo mtu akisema amevaa sou'wester usimvalishe upepo.

Pande za katikati hazina shida sana, north au south inatangulia siku zote, northeast, southwest, kama zetu tu. Waingereza wanaweka kistari, north-east, Wamarekani hawaweki, uliza mteja wa wapi basi. Kinachosumbua ni "by". "North by east" haina maana ya kaskazini na mashariki, wala kaskazini kwa mashariki kama nilivyoona mahali. Mabaharia waligawa mduara wa dira sehemu 32, kila moja digrii 11.25, na north by east ni kaskazini umesogea sehemu moja tu kuelekea mashariki, basi. North-northeast ni 22.5. Nikikutana na hizo naandika digrii, na kama ni riwaya naacha mwandishi wa zamani ajisikie baharia kwa maneno kisha naweka digrii pale itakapohitajika kueleweka.

Halafu kuna zile ambazo hazihusiani na ramani kabisa. Mazungumzo "went south", yaani yaliharibika. Bei ni "north of" milioni tano, yaani zaidi ya milioni tano, hii wafanyabiashara wanaipenda mno na programu za tafsiri ziliwahi kuniletea "kaskazini ya milioni tano" kwa ujasiri wote. "Gone west" ya Waingereza wa kizazi cha vita kuu ya kwanza ni kufa au kupotea, mtu asije akamtafuta Bristol, magharibi mwa Uingereza.

Anwani ndizo rahisi kuliko zote kwa sababu sheria yake ni moja, usiguse. Washington imegawanywa robo nne kuanzia jengo la bunge lao, NW, NE, SW na SE, na namba ile ile ya nyumba kwenye mtaa wa jina lile lile inaweza kuwepo kwenye zaidi ya robo moja, ukiacha zile herufi mbili barua inaenda kwa mtu mwingine. Herufi za namna hiyo kwenye anwani za London ni za posta tupu, walikuwa na NE na S wakazifuta miaka ya 1860, baadaye NE ikapewa Newcastle na S ikapewa Sheffield, kwa hiyo anayeona S kwenye anwani na kuandika kusini mwa London anapeleka mzigo mji mwingine kabisa. Kuna mteja aliwahi kulalamika kwamba nimeacha Kiingereza kwenye barua, kwanini sikuandika KM badala ya NW. Nilimwambia hiyo barua haisomwi na mimi wala yeye, inasomwa na posta ya Washington, na NW ikabaki NW.